Mahema Sita kwenye Ubao wa Chuo

"Jirani, hivi huyu kaka yako anayeandika majina ya wasomi pale chuoni, yeye mwenyewe alisomea wapi?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, siku moja tukianua nguo. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu wa maneno tu, mdomo wake haupumziki hata akiwa amebana pini kwa meno.  Lakini mimi shuka likaniponyoka likaanguka kwenye vumbi, ikabidi nilifue upya.

"Alisomea mikononi," nikamjibu.

"Mikononi! Shule hiyo sijawahi kuisikia. Ada yake kiasi gani?"

Nikacheka naye, kicheko cha kuazima. Kisha nikaingia ndani nikamwomba Mungu anisamehe, ingawa sikuwa nimesema uongo. Kaka yangu, aliyekuwa ameandika majina ya majaji, maaskofu na mabingwa wa upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja, hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Hapa duniani tulilijua jambo hilo wawili tu, yeye na mimi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Leo naliandika kwa sababu mwenyewe ameniruhusu. Historia ya chuo chetu imeshaandikwa na wenye elimu yao, na waliosoma hapo wakawa watu wakubwa wameelezwa mmoja mmoja na picha zao. Mimi ni mfagiaji wa chuo hicho, mwaka wa kumi na nne sasa, na niliishia darasa la saba. Nitaeleza ninachokijua juu ya yule aliyewapandisha wakubwa hao ukutani.

Baba yetu alifariki nikiwa na miaka minne, kaka akiwa na kumi na mmoja. Alikuwa amekaa darasani wiki chache tu. Mama akamtoa, akaenda kukoroga chokaa kwa mafundi rangi, na kwa chokaa hiyo mimi nikanunuliwa sare. Nilipofika darasa la tatu nilichukua mkaa, nikaandika herufi "a" kubwa kwenye ukuta wa jikoni, nikamwita, "Kaka, njoo nikuonyeshe." Akaja, akaitazama, akaifuta kwa kiganja.

"Mtoto hamfundishi mkubwa kutembea," akasema. Wiki nzima hakunisemesha. Tangu hapo sikurudia.

Alipopata kazi chuoni alikuwa na miaka thelathini, fundi rangi wa kuta. Chuo chenyewe kilianza na banda la useremala, masista wawili, bruda mmoja na wanafunzi kumi na mmoja. Bruda yule ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye ubao wa heshima, na sasa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akamwita kaka akamuuliza, "Unaweza kuandika?"

"Naweza," kaka akajibu.

Bruda akampa chaki na mfuko mtupu wa saruji, akamwambia anakili maandishi yaliyo kwenye mfuko huo. Akanakili, mistari imenyooka kuliko ya kiwandani. Bruda akafurahi, akamfundisha kupiga mistari ya uzi, kushika brashi nyembamba, kuweka kivuli cheusi chini ya dhahabu. Kwa miaka yote thelathini na mmoja swali lilikuwa ni kuandika. Kama anajua kusoma, hakuna aliyemuuliza.

Basi akawa anaandika. Wanafunzi wakampa jina la Mzee Herufi.

"Mzee Herufi, jina langu utalipandisha lini?" wangemtania akiwa juu ya ngazi.

"Siku utakayoacha kusinzia darasani."

"Nani kakwambia nasinzia?"

"Alama ya dawati iko shavuni mwako, mwanangu."

Majina yenyewe aliyajua kwa sura. Jaji mkuu alikuwa "yule wa pete tatu," kwa sababu ya herufi za duara. Askofu alikuwa "yule wa nyoka wawili," na Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kila nilipolisikia. Herufi A aliiita hema. Aliwatunza wote kama mtu anavyotunza picha za ndugu asiowajua. Rangi ya mmoja ikichubuka, alikuwa wa kwanza kuona.

Na tulikuwa na utaratibu wetu, usio na maneno. Kila alipopewa karatasi ya majina mapya alipita kwangu jioni akidai amefuata chumvi. Karatasi anaiweka mezani, anaanza kuongea habari za mvua. Mimi naendelea kukata mboga huku nikiipitisha macho. Kama karani ameweka maelezo, nasema kama najisemea, "Ee, kumbe hapa wanataka mstari mmoja wazi." Yeye anaitikia, "Ndivyo nilivyoona." Majina hakutaka niyasome. Nikianza tu, anaichukua karatasi. "Hayo yaache," anasema. "Yanajua yenyewe pa kwenda." Nilielewa. Akikubali kusomewa jina, amekubali kwamba hawezi kulisoma.

Sasa mwaka huu, chuo kikielekea kutimiza miaka hamsini, mwezi wa pili lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa stoo. Kila mfanyakazi alete cheti chake cha elimu ya msingi kabla mwezi wa sita haujaisha. Asiye nacho, mkataba wake hautaendelea. Mpishi mkuu alilisoma kwa sauti, wafanyakazi wakacheka wakisema vyeti vyao vimeliwa na panya. Kaka naye alicheka. Nilimwona mkono wake umeshika ukingo wa mlango hadi vidole vimepauka.

Kuanzia siku hiyo hofu ilihamia kwake kama mpangaji. Akiona mtu ameshika bahasha anapita nyuma ya maktaba, njia ya mbali, na goti lake bovu. Alikuwa na miwani ya vioo vitupu, isiyo na namba yoyote, aliyoinunua zamani ili awe na kitu cha kusahau nyumbani. Sasa aliisahau kila siku. Mlinzi akimpa barua ya ofisini anaitia mfukoni, "Nitaiona baadaye, miwani sina." Alikonda. Alikuwa anaishi chumba cha nyuma ya karakana, mke wake alishatangulia mbele ya haki, binti yake ameolewa mbali. Mkataba ukikatika, chumba nacho kinaondoka. Na mimi usiku nikishika rozari nilikuwa nachanganya mafungu, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku za mwezi wa sita.

Katikati ya hofu hiyo ndipo alipopewa kazi kubwa kuliko zote. Padri Mkuu wa chuo alitaka ubao mpya kabisa wa wahitimu mashuhuri, majina sitini na manne, safu mbili. Askofu atauzindua Jumapili baada ya misa. Karani mpya, binti mwepesi mwenye adabu, aliandika orodha yote kwa mkono kwa herufi kubwa, maana kaka mwenyewe alimwomba, "Niandikie makubwa, binti yangu, macho yamezeeka."

Wiki hiyo mimi sikuwepo. Mwanangu alijifungua kwa upasuaji, nikakaa hospitali siku tisa. Kaka alitembea na karatasi mfukoni siku tatu akinisubiri. Siku ya nne Padri Mkuu akamwambia, "Fundi, siku zinakimbia." Akaanza bila mimi. Alimaliza Ijumaa jioni, wakubwa wakautazama ubao kwa mbali kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi, wakapiga makofi, ukafunikwa kitambaa cheupe.

Jumamosi asubuhi nikarudi kazini. Nikafagia ukumbi, nikapanda jukwaani, nikakiinua kitambaa nione kazi ya ndugu yangu kabla ya askofu.

Ilikuwa nzuri. Nilisoma safu ya kwanza midomo ikicheza, nikiwa najivuna kama niliyewazaa wote. Nikaingia safu ya pili. Mstari wa saba, kati ya daktari wa macho na profesa wa udongo, kwa dhahabu, na kivuli cheusi kilichopigwa kwa subira, paliandikwa:

ACHA NAFASI HAPA.

Nilisoma mara ya pili nikidhani ni mimi. Nikakaa pale pale sakafuni na ufagio wangu. Lilikuwa agizo la karani. Jina moja lilikuwa halijathibitishwa, akamwandikia fundi abakize pengo, naye akaliandika agizo lenyewe kama jina la mtu. Kesho askofu angevuta kitambaa mbele ya watu mia tano wanaojua kusoma.

Nikakirudisha kitambaa, nikaenda stoo mbio za mzee. Kaka alikuwa anaosha brashi kwenye kopo, anapiga mluzi. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimesikia mluzi wake.

"Mjukuu hajambo?" akauliza. "Umeuona ubao?"

"Nimeuona, kaka."

"Sema basi! Au hospitali wamekukata ulimi?"

"Mzuri sana. Ila..." Nikaegemea mlango. "Safu ya pili. Mstari wa saba."

"Wa mahema sita!" Uso wake ukang'aa. "Huyo nimemhangaikia siku nzima. Nikasema, mtu mwenye mahema sita lazima ni mtu mzito."

"Kaka, huyo si mtu."

Mluzi ulikuwa umeshakatika. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye brashi yakimlowesha kiatu, hakuyaona.

"Si mtu ni nani?"

"Ni karani. Alikuwa anakuambia uache nafasi."

Akaiweka brashi ndani ya kopo. Kisha akanong'ona, ingawa stoo tulikuwa peke yetu, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Wamenipata," akasema. "Miaka yote hii, nimepatikana kwa mkono wangu mwenyewe."

Kufuta si kazi kubwa, rangi nyeusi kidogo tu inatosha. Lakini saa tatu wanakwaya waliingia ukumbini kufanya mazoezi, nao ubao ulikuwa usoni mwao kabisa. Tukasubiri. Nilideki korido moja mara nne. Kaka alikaa nyuma ya mlango na kopo la rangi nyeusi amelifunika kwa koti, akishtuka kila wimbo ulipokwisha. Walipumzika saa saba kwenda kula. Wa mwisho alipotoka tu, tukaingia, nikaurudishia mlango, nikashika ngazi.

Alipanda. Nilisikia ngazi inatetemeka nikajua si ubovu wa ngazi. Alipaka neno la kwanza, la pili. Akafika neno la tatu, na hapo nikasikia kitasa nyuma yangu.

Padri Mkuu aliingia na karani wake, wanacheka jambo lao.

"Ah, afadhali umo humu, fundi!" Padri akasema. "Lile jina limepatikana. Yule mama mkunga amekubali." Ni mama aliyesomea hapo zamani, akafungua zahanati tatu, na alikuwa amekataa mara mbili kuwekwa kwenye ubao wa wakubwa. "Sasa liandike kwenye ile nafasi uliyo..."

 Neno la tatu lilikuwa bado linang'aa pale juu, HAPA, na mawili ya kwanza yalikuwa yanaonekana chini ya weusi mbichi kama samaki ndani ya maji machafu. Karani akasoma kwa sauti. Kicheko kikamtoka, binti wa watu, si kwa ubaya.

"Huyu Bwana Hapa ni wa mwaka gani?" akasema. Kisha akaniona uso wangu, akajiziba mdomo.

"Basi, kosa la uchovu," Padri akasema, mtu mwema. "Majina sitini na manne si mchezo. Futa, fundi, uandike." Na akalitaja jina la yule mama. Akalitaja hivi hivi kwa mdomo, maneno mawili, akasimama anasubiri.

Kaka hakugeuka. Brashi ilikuwa mkononi, dhahabu kwenye kopo, ukuta mbele yake. Nilimwona shingo inatoa jasho. Mimi nikawa nasema kimoyomoyo, Mama wa Mungu, mama wa Mungu, na sikuweza kufika mbele zaidi ya hapo.

"Niandikieni," kaka akasema.

"Si jina refu, fundi. Nimekutajia."

"Niandikieni kwenye karatasi, Padri."

"Karatasi ya nini tena kwa maneno mawili?"

Nilikuwa na chaki mfukoni mwa aproni. Nikainama niandike sakafuni, haraka, kabla hawajafikiri. Kaka akaniona.

"Acha, mdogo wangu," akasema.

Akashuka ngazi, kipandio kimoja kimoja, kwa sababu ya goti. Akaweka kopo chini. Akavua kofia, kisha akakosa pa kuiweka, akaishika kifuani.

"Padri, mimi naandika," akasema. "Kusoma sijui. Sijawahi kujua. Cheti mnachokitaka sina na sitakuwa nacho. Huyu dada yangu hana kosa, nilimfunga mdomo mimi."

Karani alianza kulia. Padri Mkuu akautazama ubao, kisha akamtazama kaka, kisha ubao tena, na nikaona anaanza kuhesabu miaka. Akavuta benchi la wanakwaya, akakaa.

"Bruda hakujua?"

"Aliniuliza kama naandika."

"Na mimi sikukuuliza chochote," Padri akasema polepole.

 Nikasikia vijiko bwaloni, wanakwaya wanakula, na nikajua dakika si nyingi wangerudi. Kaka alisimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilimhurumia kuliko siku tuliyomzika mke wake.

Naomba nilitoe hili hapa, msomaji asibaki na donge kooni. Hakufukuzwa. Jumatatu kilikaa kikao, kikavutana kutwa nzima, wengine wakisema sheria ni sheria. Kikamwachia kazi kwa miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu, na chumba chake. Lakini Jumamosi ile hatukuyajua hayo. Padri alisema tu, "Habari ya cheti tuiache mpaka Jumatatu, siiamui peke yangu." Na Jumatatu tuliiona kama mdomo wa kisima.

Karani akapangusa macho, akaichukua chaki mkononi mwangu, akapiga magoti sakafuni na sketi yake ya ofisini. Akaandika jina la mkunga kwa herufi kubwa, moja moja. Kaka akavaa kofia. Akaangalia sakafuni, akaangalia ukutani, akapanda. Akafuta lililobaki kwa rangi nyeusi, akaipepea kwa kipande cha boksi hadi ikashika, akapiga mistari kwa uzi. Alipoigusa dhahabu mkono ulitulia, kama unavyotulia siku zote. Sisi watatu tulimtazama. Wanakwaya walipogonga mlango, Padri mwenyewe alikwenda akawaambia wasubiri nje.

Aliposhuka Padri alisimama pia.

"Fundi," akasema, "kesho nitalazimika kusema neno juu ya aliyeuandika ubao huu. Siri yako sitaitoa, hiyo ni yako. Lakini niambie, kuna kitu unataka kutoka kwetu?"

Nilidhani ataomba kazi. Nilimkanyaga mguu kidogo aombe kazi. Kaka alikuwa ameinua uso, anautazama ubao kuanzia juu, mkono wa kushoto, pale ulipoanzia. Bado alikuwa na hofu.

"Padri," akasema, "naomba mnisomee majina yote, tangu la kwanza, nijue niliwaandika akina nani."